Phelesia Hasahau Sura

Wifi yangu Phelesia ana ugonjwa mmoja: hasahau mtu. Ndivyo anavyosema mwenyewe, na ukimpinga jiandae. Anauza chai, chapati na maharagwe pale Osiri, Migori, kando ya mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Mimi Trizah ndiye ninayemkandia unga, kwa hivyo nikimsema nina haki yangu. Mteja hajakaa vizuri, sahani iko mbele yake. "Wewe ni chapati mbili na maharagwe mengi. Wewe chai ya maziwa, na usinimalizie pilipili." Hamuulizi mtu. Siku atakayouliza, ataona amezeeka.

Ana sharti moja tu. Wachimbaji hujaa matope kuanzia nywele hadi kucha, wote rangi moja ya kijivu, huwezi kumjua kijana wala babu. Hakuna kukalia benchi ya Nyar Gwassi kabla ya kunawa uso kwenye karai lake. Tunamwita Phelesia hivyo, yaani binti wa Gwassi, kwa sababu alizaliwa huko, Homa Bay. "Nawa kwanza," anasema, "nijue wewe ni mtoto wa nani."

Sasa, mwezi wa pili, saa sita mchana, mtu mmoja aliyejaa matope alimnyang'anya Cephas, mnunuzi wa dhahabu, mkoba wake mbele ya kibanda chetu, akapotelea katikati ya mashine. Mimi nilikuwa nimeinamia unga, sikuona kitu, na sioni haya kusema hivyo. Phelesia aliona. Polisi walipofika vijana wote walitimua mbio kama kawaida yao, na aliyeshikwa ni aliyejikwaa: Zablon, kijana mpole wa Kikuria kutoka upande wa mpakani. Mkoba haukupatikana. Kesho yake polisi walipanga wanaume wanane mstari mmoja, wote wameoga, wakamwambia Phelesia aonyeshe mwizi. Alienda moja kwa moja akamgusa Zablon begani.

"Kazi safi, mama," afisa mmoja akamwambia.

Yawa! Tulikoma na hiyo kazi safi. Kila alipokisimulia kisa, mwizi alisogea. Mara ya kwanza alikuwa hatua ishirini kutoka kibandani. Kufikia Pasaka alikuwa amemkanyaga Phelesia kidole. Zablon naye alikuwa rumande, miezi inakwenda. Ushahidi mwingine haukuwapo. Phelesia akisema ndiye, Zablon anafungwa, na si kwa siku mbili.

Wiki mbili kabla ya kesi, Lynnet, binti wa kaka yake Phelesia, alituita Homa Bay. Anasomea saikolojia chuoni, na utafiti wake ni juu ya mashahidi wa mahakamani, jinsi wanavyokumbuka. Phelesia alivaa kitenge chake cha harusi. "Twende wakaone kumbukumbu ni nini," akasema.

Tulikuwa watu kama arobaini kwenye ukumbi wa kanisa. Tulipewa chai, tukaanza kuandikisha majina. Ghafla mwanamume mmoja akaingia, akabeba kompyuta mezani, akatoka mbio. Wueh, mayowe! Mimi nilipanda juu ya kiti, kwa nini sijui. Lynnet akatutuliza, akasema ni maigizo, kisha akamwita kila mtu pembeni atazame picha sita.

"Waya," akamwambia Phelesia, maana waya ni shangazi kwa Kijaluo, "huyo mtu anaweza kuwa hapa, au asi..."

"Namba nne! Leteni Biblia niape."

Namba nne alikuwa amesimama nyuma yetu na thamosi mkononi. Ndiye aliyetumiminia chai asubuhi. Aliyebeba kompyuta hakuwa kwenye picha hata moja.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Phelesia alinitazama vile anavyotazama maziwa yaliyoganda. Lynnet hakucheka. Alisema watu kumi na wawili walikuwa wamemchagua huyo huyo wa thamosi. "Kichwa kinashika sura, waya, halafu kinasahau kiliiona wapi. Si mambo ya leo. Zaidi ya miaka mia iliyopita, kule Ujerumani, profesa mmoja aliigiza ugomvi wa bastola darasani, na wanafunzi wa sheria wenyewe wakaeleza mambo ambayo hayakutokea. Tangu hapo watafiti wanachunguza makosa yetu. Wameona pia kwamba shahidi akishasifiwa, uhakika wake unapanda hata kama amekosea."

"Kwani nani alinisifu mimi?" Phelesia akafoka.

Nikakohoa. "Kazi safi, mama."

Siku mbili alikanda unga mwenyewe. Chapati ziliungua, wateja wakazila kwa adabu. Siku ya tatu kijana mmoja akainamia karai, akanawa, matope yakashuka, uso ukatokea. Phelesia akaangusha mwiko.

"Trizah. Yule mwizi alikuwa na matope?"

"Hapa nani hana matope saa sita?"

"Basi uso safi wa Zablon niliuona wapi?"

Nilitazama karai. Yeye pia akalitazama, halafu akakaa chini kwenye gunia la makaa, na aproni yake nyeupe hivyo hivyo.

"Chai ya rangi, bila sukari, chapati moja," akasema. "Mwisho wa benchi, kila siku. Mungu wangu, nimemfunga mteja wangu." Akalia, na mimi nikalia, ingawa nilikuwa bado na kicheko cha Homa Bay tumboni.

"Osiri nzima itanicheka," akasema baadaye.

"Itakucheka wiki mbili. Zablon je?"

Siku ya kesi, Migori, mahakama ilijaa. Cephas alikaa mbele, macho kwa Phelesia. Mwendesha mashtaka akamuuliza kama anamwona mtu aliyechukua mkoba. Phelesia alimtazama Zablon, amekonda, shati linamcheza mwilini.

"Huyu namjua," akasema. "Aliyechukua mkoba alikuwa na matope uso mzima. Huyo simjui."

Hakimu akainua kichwa. "Mama, si kwenye gwaride la utambulisho ulimgusa huyu begani?"

"Nilimgusa mteja wangu, mheshimiwa. Mwizi sikumwona uso."

Watu walicheka. Cephas alitoka nje bila kuaga mtu. Phelesia alibaki wima, jasho likimtiririka, mpaka hakimu alipomaliza kuandika. Mwezi huo huo Zablon aliachiliwa.

Osiri walimcheka wiki tatu, si mbili. Walimwita Namba Nne. Alivumilia, akimimina chai.

Halafu asubuhi moja Zablon akaja. Akanawa kwenye karai, akakaa mwisho wa benchi. Phelesia aliweka mbele yake chai ya rangi, bila sukari, na chapati moja.

Zablon akaionja chai, akairudisha polepole.

"Niwekee sukari, mama. Huko ndani nilikuwa naiota."

Phelesia alichukua bakuli la sukari, akashika kijiko, akasimama hapo.

"Vijiko vingapi?" akauliza.