Televisheni Isiyo na Picha

Baba yangu aliuza vitenge, na kama wafanyabiashara wengi wa Butembo alipenda watu waone kwamba amefika mbali. Safari moja alirudi na kompyuta, akaiweka sebuleni, mama akaifunika kitambaa cheupe cha meza ya wageni. Baba mwenyewe hakujua hata pa kuiwashia. Aliyejua ni yaya, kaka yetu mkubwa. Alikuwa amejifunza shuleni kwao, ambako darasa zima lilizunguka mashine moja.

Jumapili baada ya misa baba aliwasha jenereta, nasi watoto tukajipanga. Yaya alikuwa mkali kuliko walimu wa kweli. Ukigusa bila ruhusa, kofi. Lakini ndiye aliyenishika kidole nikaandika jina langu, likatokea pale kwenye kioo, na siku hiyo nilijiona mkubwa kuliko jirani zetu wote.

Vita ilikuwa imeshaingia mjini. Wenye akili walizima jenereta zao wakakaa kimya. Baba alisema watoto wake hawatakaa wajinga kwa sababu ya wajinga wengine. Nilimpenda kwa maneno hayo. Sasa yananiuma.

Waasi waliopiga kambi upande wa Rughenda walisikia mngurumo, wakaingia mchana kweupe. Walibeba jenereta na kioo cha kompyuta, wakidhani ni televisheni. Sanduku lake, ambalo ndilo lenye akili yote, waliliacha mezani. Walipoondoka tulicheka, hata mama alicheka, mkono mdomoni.

Kesho yake walirudi wamekasirika.

"Televisheni yenu hapana kuonyesha kitu," mkubwa wao alimwambia baba. "Picha mulificha wapi?"

"Hapana televisheni, chef. Ni ordinateur ya batoto."

Alimpiga baba kwa kitako cha bunduki mbele yetu, akauliza ni nani anajua kuitumikisha. Baba, damu ikimtoka puani, alisema ni yeye. Ulikuwa uongo mtupu, na yaya alijua kwamba baba akifika kambini ashindwe hata kuiwasha, watamuua.

"Ni miye," yaya alisema. "Papa hajue kitu."

Wakambebesha lile sanduku kichwani. Aliondoka na sare ya shule, nyaya zikimning'inia shingoni, na hakurudi. Baadaye kikosi kile kilihamia Beni, tukasikia wamekwenda naye.

Mama alinichukua tukapanda lori kwenda kumtafuta. Kabla ya kuingia Beni kulikuwa na kizuizi. Abiria wote tulishushwa, mizigo ikafunguliwa. Aliyetupekua alikuwa yaya. Amekonda, bunduki begani, macho mekundu, na mkubwa wake amesimama nyuma yake tu. Nilifungua mdomo, mama akanibana mkono mpaka nikanyamaza. Wangejua mama amekuja kumchukua, wangempiga yaya risasi palepale.

Yaya aliingiza mkono kwenye mfuko wetu, akatoa sweta lake mwenyewe. Mama alikuwa amelibeba ili yaya alivae njiani tukirudi naye nyumbani. Yaya aliliangalia. Akalikunja vizuri, akalirudisha, akafunga mfuko.

"Mupite, mama," alisema, kama anavyoambiwa mama yeyote barabarani.

"Aksanti, chef," mama alimjibu.

Tukapita.