Dirisha Lililofunguka Sebuleni kwa Bibi

Shemeji yangu, mume wa dada, ana maneno mengi na laptopu nzuri. Mimi nina maneno machache na laptopu mbovu. Yangu ni nzito, niliachiwa na mwalimu aliyechoka nayo. Nusu ya kioo ni nyeusi kama wino umemwagika ndani, lakini mashine yenyewe ina nguvu. Ya shemeji ni nyembamba na kioo chake kinang'aa, ila ukiiwekea picha kubwa inaganda.

Fundi mmoja wa Mlandizi alizitazama zote mbili, akaziwekea mfumo wa Linux, halafu akatuonyesha jambo ambalo nalipenda mpaka leo. Shemeji anaandika amri fupi kwenye laptopu yake, anaweka nywila ya laptopu yangu, na programu ya kuchorea inawaka kwangu lakini dirisha lake linatokea kwake, kwa waifai, bila waya wowote. Mashine yangu inafanya kazi, kioo chake kinaonyesha.

Ndivyo tulivyoendesha duka letu la kadi pale Tangini, Kibaha. Asubuhi, shemeji akiwa bado anakunywa chai nyumbani, nilikaa kwenye laptopu yake nikachora. Akifika nilirudi nyuma ya pazia, kulikokuwa na laptopu yangu na ufagio. Wateja walipoisifu kadi alinyoosha vidole vyake hewani.

"Mkono huu," alisema. "Huyo wa nyuma ni shemeji yangu. Darasa la saba. Namfuga tu asizurure."

Walicheka. Mimi nikishikwa na haya ulimi unakuwa mzito. Lakini nilisikia kila neno na nikaliweka.

Kisha ikaja kazi ya Kisarawe. Familia moja ya huko mbele ya Mzenga ilikuwa inaoza binti, na bibi wa binti huyo alitaka kadi yenye ukili wa mkeka wake. Ukili ni ule mkanda wa ukindu unaosukwa kwanza, ndipo unashonwa kuwa mkeka. Nilitumwa mimi kwenda kuuona, kwa sababu shemeji hapendi vumbi la barabara ile. Bibi alinitandikia mkeka uani, akakaa pembeni yangu muda wote nilipokuwa nachora kwa penseli.

"Huu tuliachiwa na mama yetu," aliniambia. "Tunautandika siku ya harusi tu. Nakupa wewe. Usije ukautia kwenye kadi za watu wengine."

Nilimwahidi. Sijawahi kuaminiwa na mtu mkubwa namna ile.

Kadi ilipokamilika tulikwenda wawili kuionyesha kwa wazee. Betri ya laptopu yangu haikai na chaji, na soketi iliyokuwa wazi ilikuwa ya ukumbini, karibu na mlango wa uani. Shemeji aliona ni vizuri hivyo. Niliiweka mashine nje ya mlango huo, juu ya kinu kilichofunikwa, nikakaa kwenye kigoda, wanawake wakikuna nazi nyuma yangu. Yeye alikaa sebuleni kwenye kochi, simu yake ikitupa waifai, laptopu yake ikiwa mezani mbele ya bibi, mjomba wa bi harusi na bi harusi mwenyewe. Mlango wa sebule ulikuwa na pazia tu. Nilisikia yote.

"Ni wenyewe," bibi alisema, na sauti yake ilifurahi. "Ukili huu umeutoa wapi, baba?"

Nilingoja anitaje.

"Mtandaoni, bibi. Siku hizi kila kitu kimo mtandaoni. Nimeutafuta, nikautengeneza kwa mkono huu."

Bibi akauliza taratibu, "Kwa hiyo mkeka wetu uko kwa watu?"

"Dunia nzima, bibi," alijibu kwa fahari.

"Yule binti aliyekuja kuuchora nilimwambia. Nilimwambia asiutoe."

Hapo nilipaswa kuinuka, kupita pazia na kusema. Haya ikanishika tena. Lakini yule fundi alikuwa amenionyesha na upande wa pili: shemeji akishaifungua ile njia, mimi nikiwa kwenye mashine yangu naweza kuipitishia programu nyingine, nayo itatokea kwenye kioo chake. Nusu nzima ya kioo changu ilinitosha kuandika amri. Nilifungua ukurasa mtupu wa kuandikia, nikazikuza herufi, nikaupeleka sebuleni.

SHIKAMOO BIBI. NI MIMI. NIKO UANI.

Naandika polepole, natafuta kila herufi. Kwa hiyo nilitumia maneno machache.

"Nini hicho kimefunika kadi?" mjomba aliuliza.

"Tangazo tu, mzee." Shemeji akalifunga dirisha.

Nikalifungua tena. Akalifunga. Nikalifungua.

"Soma, baba," alisema bibi. "Macho yangu na kalamu havijuani."

"Linawatakia sherehe njema."

"Hapana, bibi," alisema bi harusi, naye alikuwa anacheka. "Limeandikwa shikamoo bibi, ni mimi, niko uani."

"Marahaba," bibi aliijibu laptopu. "Mwache aseme. Na wewe baba usome vilevile anavyoandika. Mjukuu wangu atakuangalia."

Basi niliandika, na yeye akasoma. UKILI SIKUUTOA MTANDAONI. NILIUCHORA KWENYE MKEKA WAKO. UMO KWENYE MASHINE YANGU TU. Kila neno lilimtoka kwa shida, na kila mara alipojaribu kuliruka kwa kukohoa, bi harusi alimwambia, "Soma neno, kaka." Mimi sikuharakisha. SHEMEJI HAJAUCHORA. MWAMBIENI AUCHORE.

"Haya, bwana," alisema mjomba. "Chora hata kipande."

Kabla hajakishika kipanya niliizima programu ya kuchorea. Kadi ikatoweka kwenye kioo chake, yakabaki maneno yangu peke yake. Nyuma yangu mtu aliacha kukuna nazi ili acheke vizuri.

Bibi alitoka uani mwenyewe.

"Uko wapi mkeka wangu?"

"Humu, bibi."

"Humu kwenye giza?"

"Upande huu mzima." Nilimwonyesha. Aliutazama sana, kisha akaniwekea mkono kichwani akarudi ndani. Nilimsikia akisema kadi zitachapwa, na kwamba safari ijayo mwenye laptopu nzuri abaki Kibaha.

Tuliporudi dada aliniambia nimemdhalilisha mumewe mbele za watu. Nilimwomba radhi dada kwa uchungu wake. Shemeji sikumwomba kitu, na sitamwomba.

Nilibadilisha nywila siku iyo hiyo. Sasa kila asubuhi, wateja wakiwa wamekaa kwenye benchi, anainua pazia na kusema, "Shemeji, naomba uniwekee nywila."

Naweka kikombe cha chai chini. Natoka nyuma ya pazia, watu wote wakiona, nainama kwenye laptopu yake inayong'aa, natafuta herufi ya kwanza. Siku hizi naweza kuandika haraka kidogo. Pale siandiki haraka.