Vipimo vya Jumapili

Musembi hawezi kuchemsha chai bila kuangalia saa. Nasema hivyo kwa sababu nimekaa naye ofisi moja miaka mitatu, mgongo kwa mgongo, na sasa najua kwamba sufuria yetu inachukua dakika sita na nusu, jambo ambalo sikuomba kulijua. Anajua idadi ya ngazi za kupanda hadi kwetu, orofa ya pili juu ya duka la vifaa vya ujenzi hapa Syokimau. Anajua treni ya asubuhi huchelewa dakika ngapi kwa wastani. Watu wa namna hii huchosha, lakini ukiwa na kitu cha kupimwa utawatafuta hao hao.

Kampuni yetu ni ndogo. Kuna Rodgers ambaye ndiye mwenyewe, kuna Musembi, na kuna mimi, Kamene, wa kupokea simu na malalamiko. Tunawatafutia watu mahali pa kuweka mifumo yao ya kompyuta. Siku hizi ni wachache wanaonunua kompyuta kubwa na kuifungia chumbani, wengi wanakodi. Mwenye mashine, huko mbali aliko, anaigawa vipande, na kila kipande kinafanya kazi kama kompyuta kamili. Tunaviita mashine pepe. Ni kama ploti ya kupangisha: kila mpangaji ana mlango wake na kufuli yake, lakini tangi la maji ni moja.

Kazi ya Musembi ni kupima mashine hizo kabla mteja hajahamia. Anapima data inachukua muda gani kwenda na kurudi mtandaoni, diski inaweza kusoma na kuandika mara ngapi kwa sekunde, na memori inabeba kiasi gani kabla ya kuzidiwa. Halafu anaandika ripoti na kutia sahihi, na mteja anahama. Sijawahi kumwona akibahatisha hata tarakimu moja.

Amezaliwa Ekalakala, kwa watu wa ndengu na maembe, Wasabato tangu babu yake. Ijumaa jua likianza kushuka anafunga laptop, na hutampata tena hadi Jumapili asubuhi. Mwaka ule wa kwanza Rodgers alijaribu kumpigia simu Jumamosi moja. Ilipokewa na mkewe, ambaye alimsikiliza kwa makini, kisha akamwambia atamwombea. Rodgers hakurudia.

Wakaelewana kwamba Musembi atafanya kazi Jumapili, sisi wengine tukiwa makanisani au vitandani. Siku za wiki, akishakunywa chai ya asubuhi, yuko nje akivuta nyaya kwenye ofisi za watu, kwa hiyo Jumapili ndiyo ikawa siku yake ya kupima. Aliipenda sana. Ofisi kimya, hakuna mwingine kwenye mtandao wetu, hakuna wa kumuuliza habari za mpira. "Kipimo kinataka utulivu," aliniambia. Nikaona kweli huyu mtu ana akili.

Mwaka jana tulipata mteja wa maana, Umoja wa zahanati kumi na moja za misheni huko upande wa Masinga. Walitaka faili za wagonjwa zitoke kwenye makabati ziingie kwenye kompyuta, mama akienda zahanati yoyote waione faili yake. Wakaamua kuanza na moja, ya Kithyoko, kwa miezi mitatu, na mambo yakienda vizuri zile kumi zifuate. Musembi akapima mashine tuliyoikodi. Mtandao ulikuwa safi, memori safi, diski ikisoma na kuandika mara elfu tisa kwa sekunde. Ripoti yake ilikuwa na kurasa sita, na Rodgers aliifungia kwenye jalada la plastiki kama cheti.

Aliyekuwa akisimamia zahanati ya Kithyoko ni nesi anayeitwa Loise, na kama manesi wote huku kwetu, tulimwita Sista. Simu yake ya kwanza iliingia Jumatatu ya pili.

"Kamene mwana wakwa, hii kitu imekwama. Nafungua faili ya mama mmoja, inazunguka tu. Na niko na wengine arobaini hapa nje."

"Pole sana Sista. Hebu zima router, uhesabu mpaka kumi, uwashe tena."

Alizima, akahesabu kwa sauti nikimsikia, akawasha. Faili ikaendelea kuzunguka. Nikamwambia Musembi atashughulikia, akanishukuru na kuniombea siku njema.

Mtauliza kwa nini Musembi hakupima saa ile ile. Saa ile ile alikuwa juu ya ngazi kwenye ofisi moja kule Mlolongo, amebeba waya. Lakini hakupuuza, nataka hilo lieleweke. Aliandika lalamiko kwenye kijitabu chake, na Jumapili iliyofuata akaipima mashine upya, akapata elfu tisa. Lalamiko la pili, akapima tena Jumapili, akapata elfu tisa na kidogo. Kufikia la tano alikuwa na uhakika wa mtu aliyefanya kazi yake vizuri.

"Mashine haina shida," aliniambia. "Labda ni network ya huko. Ama ni vile anabonyeza mara nyingi ikikawia. Mwambie polepole, ni mtu mzima."

Nami nikamwambia Sista polepole. Nikamfundisha kubonyeza mara moja na kungoja. Nikamuuliza kama amebadilisha miwani karibuni. Kwenye fomu ya malalamiko, ambayo nakala yake hupelekwa kwa Umoja, kuna nafasi ya kuandika chanzo, na mara zote kumi na nne nikaandika kwa mkono wangu: tatizo la mtumiaji.

Barua ya Umoja ilifika mwezi wa tatu ukielekea kuisha. Niliifungua mimi. Ilisema Sista Loise atapumzishwa usimamizi wa zahanati tarehe thelathini, kwa kuwa ameshindwa na mfumo mpya, na nafasi yake itachukuliwa na nesi kijana anayefahamu kompyuta. Ilisema pia kwamba Alhamisi ya wiki ijayo kutakuwa na mkutano Matuu wa kuidhinisha zahanati kumi zilizobaki. Nyuma walikuwa wameambatisha ushahidi: ripoti ya Musembi, na orodha yangu ya malalamiko kumi na manne.

Rodgers alifurahi kuhusu zile kumi. Musembi aliichukua barua, akaisoma akiwa amesimama, akaisoma tena ameketi.

"Ripoti yangu haikusema ameshindwa," akasema.

"Ilisema mashine iko sawa," nikamjibu. "Kama mashine iko sawa, nani amebaki?"

Jioni akamwomba Rodgers ruhusa ya Jumatatu aende Kithyoko. Rodgers akakubali, na kunituma mimi pia, nikamwonyeshe Sista mara ya mwisho jinsi ya kubonyeza, isije ikasemekana hatukumsaidia.

Tuliondoka alfajiri na gari la ofisi, na saa tatu kasoro tulikuwa Kithyoko. Akina mama na watoto wao walikuwa wamejaa mabenchi na wengine wameketi chini kivulini kando ya ukuta. Sista Loise ni mwanamke mfupi mwenye mikono ya haraka. Nilimtazama akimpima mtoto uzito, akimchoma sindano, akiandika kadi, na kumtania mama yake kwa Kikamba, yote kabla mtoto hajapata nafasi ya kulia vizuri. Mezani kompyuta ilikuwa imewaka, na kando yake kulikuwa na daftari kubwa alimokuwa akiandika kila kitu kwa kalamu.

"Naandika hapa kwanza," alinieleza kwa aibu, kama mtu aliyefumaniwa. "Alafu nakuja saa kumi na moja asubuhi, kabla watu wafike, naingiza ya jana. Hiyo saa inafungua vizuri. Nafikiri ni kwa sababu akili yangu imepumzika."

Sikumwonyesha tena jinsi ya kubonyeza. Musembi alifungua laptop kwenye kona ya meza na kupima njia kutoka zahanati hadi mashine yetu. Ilikuwa safi, nzuri hata kuliko ya ofisini. Kisha akaingia ndani ya mashine yenyewe, ambako mtandao wa Kithyoko hauna la kufanya, akapima memori, akapima diski. Nilimwona akisogeza kichwa karibu na kioo. Akapima tena, kisha mara ya tatu.

"Ni ngapi?" nikamuuliza.

"Mia nne."

"Elfu ngapi na mia nne?"

"Mia nne tu, Kamene."

Alipima saa nne, saa sita na saa nane, bila kula. Mara mia tatu na sabini. Mara mia tano. Saa kumi na moja jioni, akina mama wakiwa wameondoka, ikapanda elfu nne, na bado ikawa inaendelea kupanda. Akafungua jedwali la vipimo vyake vyote vya zamani, akalikodolea macho kama halikuandikwa na yeye.

Sista alikuwa akinawa mikono. Akaja nyuma yake, akavuta miwani.

"Hizi tarehe ni za nini?"

"Ni siku nilipima, mwaitu," akamjibu, akimwita mama kwa Kikamba.

Manesi wa kliniki ya watoto wanaishi na kalenda. Kutwa nzima wanahesabu mtoto arudi lini. Sista alipitisha kidole kwenye jedwali kutoka juu hadi chini na hakuhitaji kuangalia popote.

"Hii ni Jumapili. Hii pia. Hii pia ni Jumapili." Kidole kikafika mwisho. "Zote. Wewe ulikuwa unapima watu wakiwa kanisani?"

Musembi alifumba macho. Wapangaji wengine wa mashine ile, hatuwajui ni nani, labda maduka, labda shule, wote wanafanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, na wote wanatumia diski moja na sisi. Jumapili wamelala, na diski yote ni yake. Alikuwa ametafuta utulivu ili kipimo kitoke safi, na utulivu wenyewe ndio uliomdanganya, Jumapili baada ya Jumapili.

"Mtu akikuja hapa na presha," Sista akasema, akikausha mikono, "siwezi mpima akiwa amelala usingizi, alafu nimwambie aende akalime."

Njiani, tulipopita Matuu, Musembi akampigia Rodgers na kumweleza yote. Simu ilikuwa kwenye spika, nikasikia kila neno.

"Sawa buda, hakuna noma," Rodgers akasema. "Tunahamisha hiyo mashine mahali pengine kesho. Alhamisi sema tu kulikuwa na shida ndogo na imetengenezwa. Hiyo mambo ya Jumapili achana nayo."

"Na Sista?"

"Sista ni wao, si wetu."

"Rodgers, yule mama anafutwa na karatasi yangu."

"Ukisimama useme hukupima vizuri miaka hii yote, nani atatupatia hizo kumi? Na wewe nitakuweka wapi? Fikiria bibi yako na watoto."

Musembi alikata simu. Alifikiria kweli, nilimwona akifikiria, vidole vikigonga usukani. Ana watoto wawili na mkopo wa ploti, na hana kitu kingine anachojulikana nacho ila kwamba vipimo vyake havina makosa. Sikumshauri chochote. Ningekuwa mimi, sijui ningefanya nini, na nimechoka na watu wanaojua wangefanya nini.

Alhamisi ukumbi wa Matuu ulijaa wasimamizi wa zahanati zote. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Kilonzo, mkuu wa shule mstaafu, anayeshika karatasi mbali na uso na kusoma kila neno. Sista Loise aliketi safu ya nyuma. Alikuwa amevaa sare yake, nyeupe na iliyopigwa pasi, ingawa hakuwa zamu.

Musembi aliitwa aeleze ripoti. Rodgers, aliyekuwa karibu nami, alimtazama kwa tabasamu la onyo.

"Mwalimu, hii ripoti naiondoa," Musembi akasema. "Sio ya ukweli. Namba ni za kweli, lakini nilipima Jumapili peke yake, wakati hakuna mtu anatumia hiyo mashine. Siku za kazi inakwama. Imekuwa ikikwama tangu mwanzo. Sista alituambia mara kumi na nne, na mara zote nilirudi nikapima Jumapili, nikasema ni yeye."

Mwalimu Kilonzo aliweka karatasi chini. "Kwa hivyo Sista hakuwa na makosa?"

"Hata moja. Kosa ni langu."

Zile zahanati kumi zikaahirishwa hadi mashine nyingine ipimwe Jumatatu hadi Ijumaa, saa za kazi, akina mama wakiwa foleni. Rodgers alitoka nje kupiga simu ambayo sidhani ilikuwa na mtu upande wa pili. Barua ya tarehe thelathini ikafutwa pale pale, na Mwalimu akamwomba Sista msamaha kwa niaba ya Umoja, kisha akamuuliza kama ana neno.

Tulingoja ashukuru. Hata mimi nilikuwa nimeshaanza kutabasamu. Sista alisimama, akashika kiti kilichokuwa mbele yake.

"Nimefanya kazi ya unesi miaka ishirini na saba," akasema. "Nimegombezwa na madaktari, na wazee wa kanisa, hata na walevi. Mtu akinigombeza nabisha. Lakini hawa waliniongelesha vizuri sana. Kila nikipiga simu, pole Sista, pole Sista. Wangenitusi ningebisha. Kwa vile walikuwa wapole, niliamini ni mimi."

Akaketi. Musembi alikuwa bado amesimama, na watu wote walikuwa wakimtazama yeye, kwa sababu ndiye aliyekiri. Hakuna aliyenitazama mimi, niliyekuwa nikipokea simu.