Nilimpigia kaka yangu hesabu ya digrii ya kompyuta kwa chaki ya fundi. Alikufa na deni.

Wakuu, nawasalimu. Huku mimi ni msomaji wa kimya. Leo naandika, na sitapamba kitu, maana sehemu mbaya ya habari hii niliifanya mwenyewe.

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Awindiri, Arua. Shule niliachia Senior Two. Kaka yangu Ramadhani alikuwa Koboko, na duka dogo la simenti na mabati. Mtoto wake wa kwanza, Zamzam, alifaulu vizuri na akapata nafasi Kampala kusoma Computer Science.

Ada ilikuwa milioni moja na nusu kwa semista. Semista sita, milioni tisa. Kaka angeweza kulipia hosteli na chakula kutoka dukani. Ada hakuwa nayo.

Akaja kwangu Arua kuuliza. Mkubwa ni mimi, na baba yetu hayupo.

Sasa sikilizeni kosa langu. Kwenye ua tuliopanga alikaa kijana aliyesoma kozi hiyohiyo. Alikuwa IT wa shirika moja la kambi za wakimbizi, analipwa milioni mbili kwa mwezi. Alinunua pikipiki, akamjengea mama yake nyumba ya mabati. Sisi wote uani tulimwona hivyo: huyo ndiye msomi wa kompyuta.

Nikachukua chaki, nikaandika juu ya meza ya kukatia nguo. Milioni mbili kwa mwezi. Deni milioni tisa. Nikamwambia kaka, "Miezi mitano tu, Rama. Hata akila nusu ya mshahara, mwaka hauishi."

Kaka akacheka. "Dada, wewe iko na kichwa ya benki."

Sikuuliza mkataba wa yule kijana ni wa muda gani. Sikuuliza wenzake aliosoma nao wako wapi. Niliona mshahara mmoja, nikadhani ndio bei ya digrii.

Kaka akaenda kwa Haji Abdalla, muuza mbao, rafiki yake wa tangu zamani. Haji akampa ada kila semista, bila riba. Wakaandikiana kwamba deni lisipolipwa, shamba la Ludara litachukuliwa. Shamba hilo ndilo wifi yangu analima mihogo, na ndilo linalowalisha wadogo wa Zamzam.

Zamzam akasoma. Hakurudia mtihani hata mmoja. Akarudi na digrii.

Halafu akakaa mwaka mzima akituma maombi. Mashirika yalikuwa yanafunga miradi, yanapunguza watu. Yaliyobaki yanataka experience ya miaka mitatu. Mwishowe akapata kazi kwenye duka moja hapa Arua: kutoa kopi, kujazia watu fomu mtandaoni, kusafisha laptop zilizoingia vumbi. Laki nne kwa mwezi.

Wateja wanamtania. "Injinia, nitolee kopi mbili, na usiweke hesabu ya digrii ndani!" Yeye anacheka, anatoa kopi.

Kaka akaugua ghafla. Siku nne tu, akafariki.

Kwetu Waislamu, kabla ya kumswalia maiti, imamu huuliza kuhusu deni. Tunaamini deni humfunga marehemu, mpaka mtu hai alibebe. Pale uani Koboko imamu akasimama. "Kama iko mtu anadai marehemu, aseme sasa."

Haji Abdalla akainuka taratibu.

"Iko. Mimi nadai milioni tisa. Nasema kwa sababu nimeulizwa. Si kwamba naitaka leo."

Wanaume wakaangalia chini. Wajomba, mabinamu, kila mtu akatafuta kitu cha kutazama kwenye viatu vyake. Siwalaumu. Milioni tisa si maneno ya kusema tu ukiwa na watoto.

Mimi nilikuwa kwenye mkeka wa wanawake. Ile chaki ilikuwa mbele ya macho yangu. Nilitaka kusema, mdomo haukufunguka.

Pale wanawake hawapazi sauti. Zamzam akasimama kando yangu.

"Haji, deni ni yangu. Baba mwacheni aende."

Imamu akamwangalia Haji. Haji akasema, "Nimekubali, binti." Wakapanga safu, wakaswali.

Tangu hapo Zamzam anapeleka laki moja na nusu kila mwezi. Laki mbili na nusu zinazobaki ni kodi ya chumba, chakula, na sabuni ya mama yake. Gauni jipya sijamshonea, hataki. Miezi kumi na minne amelipa bila kuruka.

Juzi nilishindwa kubeba. Nikamwita chumbani, nikamwambia ile hesabu ilikuwa yangu, na kwamba bila mimi baba yake asingekopa.

Akasema, "Shangazi, baba alijua."

"Alijua nini?"

"Yule jirani yenu wa IT mkataba wake uliisha nikiwa mwaka wa pili. Alirudi Koboko kwao. Baba ndiye alimpa kazi ya kupakia simenti."

Kijana alipohama uani kwetu, mimi nilidhani kahamishwa kikazi. Nikamuuliza kwa nini basi kaka aliendelea kukopa.

"Nilimuuliza. Akasema nusu ya digrii hakuna mtu anainunua."

Wakuu, nililia siku hiyo kuliko siku ya maziko. Kaka hakunilaumu hata mara moja, na alikuwa na sababu mbele yake dukani kila asubuhi.

Sisemi msisomeshe watoto kompyuta. Sina elimu ya kusema hivyo. Nasema kile ninachokijua kama fundi: nilimkatia Zamzam nguo kwa kipimo cha mtu mwingine. Kabla ya kukopa, msimtafute aliyefanikiwa tu. Mtafuteni na yule aliyemaliza naye darasa moja na bado anatembea na bahasha.

Mliosoma kozi hii na kulipa deni, niambieni ukweli, mlichukua muda gani? Nitamsomea Zamzam majibu yenu, hata yale machungu.

Alikuwa amebakiza miezi arobaini na sita. Kuanzia mwezi huu naongeza elfu hamsini kutoka cherehani. Nimepiga hesabu upya, safari hii kwa pesa tuliyonayo mkononi. Ni miezi thelathini na mitano.