Kucha Zake

Mimi si mtu wa mbwa. Niseme mapema, msije mkadhani naandika haya kwa mapenzi. Mbwa ni wa mama yangu. Alikuja naye kutoka Kangundo sukari ilipomzidi na miguu yake ikakataa kupanda na kushuka shamba la kahawa. Alikuja na sanduku, kiti chake kifupi, na huyo mnyama wa rangi ya udongo ambaye hakuwahi kumpa jina. Anamwita Ngiti, na kwa Kikamba ngiti ni mbwa, basi. Ukimuuliza kwa nini hakumtafutia jina la maana, anakuuliza kama huyo si mbwa.

Mimi naishi Katelembo, nyumba ndogo yenye sakafu ya simiti. Nafanya kazi katika kiwanda cha nguo huko Athi River, nakagua mishono, na kazi hiyo hufanywa mtu akiwa amesimama. Jioni nikifika nyumbani miguu inawaka na macho yanaona nyuzi hata kwenye ukuta mtupu. Hapo ndipo kazi ya pili inaanza. Dawa za mama, chakula cha mama, maji ya kuoga ya mama, ambaye anaoga peke yake akiwa amefunga mlango na hataki kusaidiwa na mtu. Halafu mbwa.

Kule Kangundo hakuna aliyewahi kukata kucha za mbwa. Ukisema unataka kuzikata, watu watakuuliza kama utampaka na rangi. Mawe ya shamba yalizisaga yenyewe. Lakini kwangu Ngiti alikuwa mzee wa kulala tu kwenye mkeka kando ya kitanda cha mama, na kucha zikaota mpaka nikawa nazisikia zikigonga simiti nikiwa jikoni. Tena alikuwa na tabia moja. Mama akianza kula, anakuja anaweka mguu wa mbele juu ya mguu wa mama, kwa adabu kabisa, kama mtu anayebisha hodi. Mama anamkatia kipande cha ugali.

Basi siku moja tukaona mchubuko kwenye mguu wa kushoto wa mama, chini ya goti. Ngozi yake siku hizi ni nyembamba kama ganda la kitunguu. Mchubuko ukawa kidonda, na kidonda kikakataa kufunga.

Tulimpeleka zahanati, mimi na ndugu yangu mkubwa. Huyu anakaa Mitaboni, ana shamba na kuku wengi, na ana jibu la kila kitu kabla hujamaliza kuuliza. Sista anayefunga vidonda alipouliza ni nini kilimkwaruza mama, ndugu yangu akadakia.

"Ni hiyo mbwa yake. Iko na makucha kama ya mwewe."

Akaendelea kumweleza habari za mbwa tangu Kangundo mpaka hapo. Sista alikuwa anazungusha bendeji, wala hakuinua kichwa. Alisema kidonda cha mguu kwa mtu wa sukari si cha kuchezea, kikiingia uchafu mguu unaweza kukatwa. Akafunga fundo, akasema, "Na kucha zake zikatwe. Ziwe fupi kila wakati." Tukaitikia sote wawili kama watoto wa shule. Alipotaka kuangalia na mguu wa pili, mama alisema anasikia baridi, soksi ibaki, na foleni ilikuwa ndefu, kwa hivyo ikabaki.

Nje ya zahanati ndugu yangu alitoa hukumu. "Umesikia daktari. Kata hizo kucha. Na mama akiumizwa tena, hiyo mbwa nakuja kuichukua. Nitaifunga mnyororo pale kwa kuku."

Mama alisema Ngiti hajawahi kufungwa tangu azaliwe na kwa uzee ule atakufa kwenye mnyororo. "Akienda, na mimi mnitafutie pa kwenda." Hakusema kwa ugomvi. Alisema huku akijifunga leso yake, nami nikajua kazi imeniangukia mimi, kama kawaida.

Nilianza na kile kikata kucha kidogo cha chuma, ambacho kila nyumba inacho na kila ukikitafuta kimepotea. Hakifai. Ukucha wa mbwa si bapa kama wetu, ni wa mviringo, na kile kitu kiliubana pande mbili mpaka ukapasuka kwa urefu. Ngiti aliingia chini ya kitanda. Mama alinitazama jinsi alivyokuwa akinitazama utotoni nikivunja sahani.

Nikaenda agroveti, duka la dawa za mifugo, mjini Machakos. Kwenye foleni kulikuwa na wazee wanangoja dawa ya kupe, na niliona haya kusema mbele yao kwamba nimetoka Katelembo kuja kutafutia mbwa mkasi wa kucha. Kwa hivyo nikasema nataka kitu cha kukata kucha za mnyama. Sasa huku kwetu ukisema mnyama wa kutunzwa miguu, ni mbuzi. Muuzaji hakuuliza mara mbili. Akanitolea mkasi wa kwato, mrefu kutoka kiganjani mpaka karibu na kiwiko.

"Mathee, hii ni ya maisha," akaniambia. "Hata ng'ombe itasikia."

Nami, kwa ile haya yangu, nikaubeba. Ngiti aliutazama mara moja tu akatoka nje. Mama alicheka mpaka akashika mbavu, akaniuliza kama mbwa nampunguza kucha au miguu. Nilikuwa nimechoka kufa, lakini kicheko kile nilikipenda, maana hakuwa amecheka tangu bendeji.

Cha tatu nilipewa na mwenzangu wa kazini anayekaa Syokimau. Ana mbwa wa manyoya marefu anayelala kwenye kochi, na mbwa huyo ana vifaa vingi kuliko mimi. Kifaa chenyewe kilikuwa na kitundu. Unapitisha ncha ya ukucha kwenye kitundu, unabana, wembe unateleza na kukata. Kwa muda kilinifaa sana. Kisha wembe ukaisha makali, nami sikujua. Wembe butu haukati ukucha, unauponda, na mbwa anaumia hata kama hujafika kwenye nyama. Nilimwona tu Ngiti anavuta mguu, nikamwita mkaidi.

Nikakipeleka kwa fundi wa kunoa visu, yule anayekanyaga baiskeli jiwe likizunguka. Alikinoa vizuri sana, pande zote mbili, kama panga. Kumbe wembe wa namna ile una upande bapa unaopita ukigusana na chuma, na upande huo haunolewi. Ukinolewa unaacha mwanya, na ukucha unakunjika mwanyani badala ya kukatika. Fundi alipoona nimenuna akasema, "Lakini makali iko." Makali yalikuwapo kweli. Nikakitupa.

Mwisho nikanunua mkasi wa mbwa kwa daktari wa mifugo, nikitamka mbwa kwa sauti bila kujali nani anasikia. Ni kama koleo dogo, midomo imepinda kama ya kasuku, katikati kuna springi. Huo niliuchagua kwa akili za kazini. Niliufungua na kuufunga nikisikiliza kama unakwaruza, nikauinua dirishani nione kama mwanga unapenya midomo ikikutana. Kiwandani mkasi unaopitisha mwanga tunaurudisha.

Kuutunza nako nilijifunza kwa kukosea. Mwanzoni niliupaka mafuta ya kupikia, ukanata, ukakusanya manyoya na vumbi la kucha mpaka ukawa mzito kufunguka. Mama akauliza kama nataka kuukaanga. Nikahamia mafuta ya cherehani, tone moja pale kwenye msumari wa katikati, kisha unafuta mpaka kitambaa kitoke kikavu. Nikimaliza kukata naupangusa kwa spiriti, naukausha, naufunga kwenye kitambaa na kuuweka chumbani. Jikoni mvuke wa sufuria unauotesha kutu. Na hadweya, duka la vifaa vya ujenzi, nilinunua kipande cha msasa, ule laini wa mbao, cha kulainisha ncha, kwa sababu ukucha uliotoka kukatwa ndio wenye ukali.

Kucha za Ngiti ni nyeusi, huoni nyama inaanzia wapi. Kwa hivyo unakata kidogo sana, unaangalia ule uso uliokatwa, unakata tena kidogo. Ukiona kidoa cheusi chenye unyevu katikati, acha. Lakini kwa kweli ni mbwa mwenyewe anayekuambia. Kabla hujafika penye uhai, mguu unashtuka mkononi. Siku niliyopuuza mshtuko huo damu ilitoka, nikaibana na unga wa ngano mpaka ikakoma, na Ngiti akanilamba mkono kana kwamba ni mimi niliyeumia.

Hiyo ikawa kazi ya Jumapili, nikitoka kanisani. Mama anakaa kwenye kiti chake, mimi sakafuni, Ngiti katikati yetu, na mara nyingine nasinzia nikiwa nimeshika mguu wa mbwa. Mama ananiambia niende nilale. Namwambia nikilala hakuna mwingine. Nilikuwa nasema ukweli, na niliusema kwa sauti mbaya.

Kidonda cha kwanza kilipona polepole. Kisha kikatokea kingine, mguu uleule wa kushoto, chini zaidi, upande wa ndani karibu na kifundo. Nilichukua miguu ya Ngiti nikapitisha kucha zote kwenye shavu langu mwenyewe. Hazikukwaruza kitu. Lakini kidonda kilikuwa pale, na mimi sikuwa na maelezo. Nikampigia ndugu yangu simu. Alisema anakuja Jumamosi na pikapu. Sikumkatalia. Nilijisikia vibaya, na ndani ya huo ubaya kulikuwa na nafuu kidogo, ya mtu anayepunguziwa mzigo mmoja hata kama si ule mzito.

Jumamosi alifika na kamba ya katani. Ngiti, kwa ujinga wake, alikwenda kumlaki akitikisa mkia. Ndugu yangu akamshika shingoni.

"Eteela," mama akasema. Ngoja.

Alikuwa kwenye kiti chake. Akajaribu kuinama kuufikia mguu wa kulia, hakufika. Kwa kisigino cha kushoto akaanza kuisukuma soksi ya kulia chini, polepole, mimi na ndugu yangu tumesimama tu tunamwangalia. Soksi ikatoka.

Sikuwa nimeona vidole vya miguu ya mama kwa muda mrefu. Kucha zilikuwa nene, za manjano, nyingine zimepinda kufuata kidole. Wa kidole gumba ulikuwa umevunjika upande mmoja, ukabaki na pembe kali, na kwenye pembe hiyo kulikuwa na damu iliyokauka.

"Huu mguu mwingine unawasha usiku," alisema. "Naukuna na huu nikiwa usingizini. Naamka nakuta shuka iko na damu. Ngiti hajawahi niumiza."

Ndugu yangu alisema daktari mwenyewe alisema kucha za mbwa zikatwe.

"Yule sista hakusema mbwa. Mbwa ni wewe ulisema. Yeye alisema kucha zake."

Ni kweli. Zake. Kiswahili kina neno hilo moja tu, la mtu na la mnyama, na sista alikuwa ameshika mguu wa mama mkononi aliposema hivyo. Sisi wawili tulisikia mbwa. Mwenye mguu alikuwa amesikia vizuri, akaangalia kando.

"Sasa mbona hukusema?" Ndugu yangu aliuliza kwa hasira, ile hasira ya mtu mwenye kamba mkononi asiyejua aiweke wapi.

Mama hakumjibu yeye. Alinigeukia mimi. "Unafika hapa umechoka. Ulikuwa unakata za mbwa macho yakifunga. Ningeongeza na zangu?" Akavuta gauni kidogo lifunike vidole, halikufika. "Na ni aibu, mtu kukatwa kucha na mtoto wake. Lakini Ngiti haendi."

Nilikasirika, sijui na nani. Nilitaka kumgombeza, nikainama nikaokota soksi yake. Ndugu yangu alimwachilia mbwa, akatoka nje, na nikamfuata mlangoni nikamwambia aende duka la dawa anunue kikata kucha kikubwa, cha miguu, kwa sababu mkasi wa mbwa hauguswi kwa mtu. Alikwenda bila neno. Sijawahi kumwona akienda mahali bila neno.

Nilipasha maji, nikayajaribu kwa kiwiko yasije yakamchoma, nikaloweka miguu mpaka kucha zikalainika kidogo, nikaikausha vizuri na katikati ya vidole. Ndugu yangu aliporudi nikakaa sakafuni, nikaweka kisigino cha mama kwenye paja langu. Mama hakutaka kuangalia. Aligeuza uso dirishani, ambako Ngiti alikuwa amelala juani, akaanza kuniambia habari za mvua na mahindi ya majirani.

Nilikata kama nilivyozoea, kidogo, kisha kidogo tena, nikingojea ule mshtuko wa kuniambia niache. Haukuja. Nikabonyeza kidole gumba kwa nguvu kidogo. Mguu ulitulia tu. Nikakata kwa woga zaidi, vipande vidogo kama chembe za mchele, nikimtazama uso, naye anaongea tu habari za mahindi. Nilipokuwa nimemaliza kidole cha tatu aliniuliza, bado ameelekea dirishani, nitaanza kukata saa ngapi.