Chupa ya Fundi Bomba

Mtaa mzima ulimwita Mkono Mwepesi, na jina hilo hakulipata kwa kubahatisha. Alikuwa msusi, na hata mtoto mwenye makelele yake akikalishwa kati ya magoti ya mama huyu alikuwa anasinzia. Wapo wasusi wanaosuka utadhani wanang'oa magugu, mteja anatoka macho yamevutwa mpaka karibu na masikio. Yeye alisuka huku anapiga soga, na mteja alishtukia tu anapewa kioo ajitazame. Chumba cha kazi kilikuwa sebule yake mwenyewe: kiti, kigoda, beseni, kapu la rasta, na dirisha linalotazama barabara ili mambo ya watu yasimpite.

Mumewe alikuwa fundi bomba, mtu mrefu, mpole, asiye na maneno mengi. Kila asubuhi alitoka na mkoba wa vifaa begani na chupa yake ya maji mkononi. Chupa yenyewe ilikuwa ya chuma, zawadi ya binti yao alipoanza kazi, na ilishabonyea kila upande kwa kuanguka kwenye mitaro na ngazi. Kifuniko chake kilikuwa na mdomo wa kunywea, na kwa ndani kilikuwa na pete ya mpira ya kuzuia maji yasivuje.

Kuosha chupa hiyo ilikuwa kazi ya Mkono Mwepesi, na hakumwachia mtu. Watoto walipokuwa bado nyumbani waliwahi kujaribu, wakafukuzwa jikoni kama kuku. "Nyie mnaiosha au mnaisalimia?" aliwauliza. Kwake yeye, kusuuza na kuinamisha hakukuwa kuosha. Alitia maji ya moto na siki, akaacha chupa ikae, kisha akasugua ndani kwa brashi ya mpini mrefu. Hapo ndipo alipogeukia kifuniko, maana ndiko uchafu unakojificha. Alichomoa ile pete kwa ncha ya mkia wa kitana, akasugua mfereji wake kwa mswaki uliostaafu, akapuliza mdomo wa kunywea mpaka ukapiga mluzi, akavianika vyote dirishani, kila kimoja peke yake. Hakuwa mtu wa kumwambia mumewe "nakupenda", angeona haya mpaka kesho. Alimwoshea chupa.

Basi, vidole vikaanza matata. Mwanzoni ilikuwa asubuhi tu: akiamka vimekakamaa, vimegoma kukunjika, mpaka avibembeleze kwenye maji ya uvuguvugu ndipo vimsikilize. Akasema ni baridi. Baadaye akasema ni umri. Mwishowe akaacha kusema, kwa sababu sasa vilimuuma mchana kutwa, na alishaamua kwamba mumewe asijue.

Usimwone mjinga, alikuwa na sababu. Mwaka aliofanyiwa upasuaji wa tumbo, mumewe alimkalisha kitini kama mgeni rasmi. Asiguse fagio, asiguse sufuria, asiguse kichwa cha mtu. Jeraha likapona, ruhusa haikuja. Mkono Mwepesi alikaa dirishani akiwatazama wateja wake wanapita kwenda kusukwa kwingine, akanyong'onyea mpaka chakula kikamshinda. Alipoanza kumsuka jirani uani kwa kujificha, ndipo mume alipoona yaishe.

"Akijua, atanikataza kusuka," alijisemea safari hii. "Na nisiposuka, nabaki nani?"

Nguvu chache za vidole alizobakiwa nazo akawawekea wateja, na nyumbani akawa mjanja. Vifungo vya nguo alihangaika navyo mumewe akiwa bafuni. Chai alikunywa kwa kushika kikombe kwa viganja viwili, eti anapata joto. Lakini ile pete ya mpira haikuwa na huruma. Ilikuwa nyembamba, inateleza, imejibana kwenye mfereji wake utadhani imezaliwa humo. Jioni moja alipambana nayo mpaka machozi yakamlenga, kitana kikamponyoka kikaingia chini ya jiko. Akakiacha huko huko. Akasuuza kifuniko juu juu, akakifunga, akajiambia ni leo tu.

Haikuwa leo tu. Ikawa kesho, ikawa wiki, ikawa mazoea. Mpaka siku alipokinusa kile kifuniko na kurudisha pua nyuma. Akakiinua kwenye mwanga, akaona chini ya pete mstari mweusi wa ukungu, unang'aa kwa utelezi. Na hapo ndipo mume wake alipokuwa akiweka mdomo siku zote hizo! Aibu aliyoisikia ilimchoma kuliko vidole. Akajaribu tena kuichomoa pete, vidole vikakataa katakata. Akaifunga chupa, akaiweka mahali pake, akaenda kulala bila kula.

Ajabu ikatokea kesho yake. Mume aliporudi jioni, chupa ilikuwa safi. Na usafi wenyewe haukuwa wa kusuuza. Pete imerudi kwenye rangi yake, mfereji hauna doa, na kifuniko kinanukia ndimu. Mkono Mwepesi akadhani macho yanamchezea. Siku iliyofuata ikawa vile vile, na nyingine tena.

Akashindwa kuvumilia, akamweleza jirani yake, yule waliyempa jina la Redio kwa sababu hazimi. Redio alikuwa amekaa anasukwa.

"Ndimu?" Redio aligeuza kichwa kwa ghafla.

"Tulia wewe, nitakusuka sikio."

"Nitulie vipi? Mwanaume gani anajua kwamba ndimu inatoa harufu kwenye kifuniko? Shoga yangu, hiyo ndimu ina mwenyewe."

"Baba watoto? Yule anayepotea akitumwa chumvi jikoni kwake?"

"Hao hao wapole ndio wa kuangaliwa. Lakini mimi sisemi kitu."

"Umeshasema chote, unabakiza nini?"

Mkono Mwepesi alicheka, ila kicheko kilikuwa cha mdomoni tu. Habari ya mwanamke mwingine haikumkaa sana kichwani, alimjua mumewe. Kilichomnyima raha ni kwamba aliyeiosha ile pete, awe nani awe nani, alishauona ule weusi. Na mwenye akili akiuona weusi ule lazima ajiulize umetoka wapi kwenye nyumba ya mwanamke mwenye sifa kama zake. Siri yake ilikuwa imetoka nje ya nyumba, na hakujua imemfikia nani.

Asubuhi moja mumewe akasahau miwani mezani. Siku nyingine angemngoja tu arudi jioni na macho mekundu. Siku hiyo alijitupia mtandio, akaichukua miwani, akafunga safari mpaka kwenye jengo la ghorofa ambako fundi alikuwa akiweka mabomba. Mlinzi wa getini akamwamkia na kumwelekeza. "Wako stoo, mama, wanapumzika."

Mlango wa stoo ulikuwa nusu wazi. Fundi bomba alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ametandika kitambaa safi magotini, na kwa kuwa hana miwani alikuwa ameinama mpaka pua inakaribia kugusa kazi. Juu ya kitambaa kulikuwa na kifuniko, pete, nusu ndimu, na kiwaya alichokikunja mwenyewe kuwa kindoana. Alisugua mfereji taratibu kwa brashi ndogo, ulimi umechungulia pembeni mwa mdomo.

"Mzee, kila siku lazima umwogeshe huyo bibi harusi?" mwashi aliyekaa karibu naye akamtania. "Kwani nyumbani hamna mtu?"

"Yupo."

"Sasa?"

"Vidole vinamsumbua. Hiyo pete imemshinda."

"Amekwambia?"

"Hajaniambia. Hataki nijue." Fundi akapuliza mdomo wa kunywea, akauangalia. "Kwa hiyo sijui."

"Mzee, si unajua?"

"Najua. Lakini sijui." Akaichukua pete, akaibonyeza mahali pake kwa kidole gumba. "Anashika kikombe kama mtoto mchanga, mimi sina macho? Nikisema, ataogopa nitamzuia kusuka. Niliwahi kumzuia mara moja. Nilikaa ndani na mwanamke nisiyemjua, bwana. Sirudii."

Mkono Mwepesi hakuingia. Alirudi getini kwa vidole vya miguu, akampa mlinzi miwani ampelekee mwenyewe, akaondoka. Njiani alilia waziwazi, mtu mzima na heshima zake, wala hakujali nani anamwona. Miaka yote hiyo alidhani katika ndoa yao yeye ndiye mwenye kuosha na mwenzake ni wa kunywa tu. Alimpenda siku hiyo kuliko siku aliyoolewa naye.

Jioni fundi bomba akarudi, akaiweka chupa kando ya sinki kama kawaida yake, akabaki mlangoni mwa jikoni anajifuta uso kwa taulo. Mkono Mwepesi akafungua bomba. Akatia sabuni kwenye chupa iliyokwisha kuoshwa, akaanza kuisugua. Mmoja anaosha kitu safi, mwingine anamtazama kana kwamba ni kichafu, na wote wawili wanajua. Angeweza kuendelea hivyo mpaka uzeeni. Ilikuwa rahisi, wala mume asingemuumbua hata siku moja. Lakini alimwonea huruma kwa kuubeba mzigo huo peke yake, na akajionea huruma na yeye.

"Baba watoto."

"Naam."

"Vidole vinaniuma."

Fundi hakujifanya kushtuka. Aliweka taulo begani, akasogea.

"Kipi?"

Akataka kutaja kimoja tu, ili apunguze makali. Akashindwa.

"Vyote."

Neno hilo lilitoka na kilio nyuma yake. Fundi akaichukua chupa kutoka mikononi mwake, akaiweka chini, kisha akaishika ile mikono yenye povu, akaanza kukipapasa kidole kimoja kimoja.

"Hiki?"

"Hicho."

"Na hiki?"

"Hicho ndiyo usiseme."

"Pole, mke wangu. Pole sana."

"Hutanikataza?"

"Kesho tunaenda kwa daktari, wote wawili. Tutamwambia kwamba unasuka, na kwamba unataka kuendelea kusuka. Hapo ndipo atakapoanzia."

Mkono Mwepesi akalaza paji la uso kwenye shati lake lililojaa vumbi la saruji, akalia kilio chote alichokuwa amekiweka. Nyuma yao bomba lilikuwa linamwaga maji ovyo, sinki limejaa, maji yanatiririka sakafuni mpaka miguuni pao, na fundi bomba mzima hakunyoosha mkono kulifunga.