Kimbweta cha Gasto

Usiku ule wa kuamkia uzinduzi wa kimbweta cha Gasto, usingizi ulinichukua nikiwa bado na shati, na hotuba niliyotakiwa kuitoa hata mstari mmoja sijaandika. Kimbweta, kwa ambaye hakupita chuo chetu, ni meza ya zege yenye viti vyake vya zege, nje, chini ya kibanda, pale wanafunzi wanapojisomea na kubishana. Gasto alikuwa mtu wa vimbweta. Kusoma kimya hakuweza. Alisoma hisabati kwa sauti kama anayegombana na mtu, na wa meza za jirani mwanzoni walilalamika, kisha mmoja mmoja wakahamia kwake, maana alikuwa anaeleweka kuliko mhadhiri. Tulipohitimu alipangiwa kufundisha shule moja huko kusini. Hata chaki ya kwanza hakuishika. Gari alilopanda kwenda kuripoti lilisombwa na mto uliofurika, na yeye akapatikana kesho yake.

Ndiyo maana sisi tuliosoma naye, kila mtu alipopata pa kujishikiza, tukakubaliana tumjengee kimbweta palepale chuoni. Wazo zuri kabisa. Tatizo lilikuwa fundi. Kazi yake ya kila siku ni makaburi, na mkono umeshazoea: akakivalisha vigae vyeupe juu mpaka chini, akabandika bamba jeusi lenye picha, kuzaliwa, kufariki, na chini yake Pumzika kwa Amani. Sisi wa kamati ya ujenzi tulipokwenda kukagua tukasifu jinsi kazi ilivyo safi. Mimi nilibaki nyuma kidogo, na ndipo nilipowaona wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakipita. Mmoja akavua kofia. Mwingine akafanya ishara ya msalaba. Wakaenda kubanana kwenye meza mbovu ya jirani, na hiki kipya kikabaki kitupu. Nilirudi nyumbani. Mama yake Gasto alikuwa amefikia kwangu, amesafiri kutoka Njombe na shada la maua ya plastiki kwenye mfuko, na sikuwa na mdomo wa kumwambia kwamba tumemjengea mwanawe kaburi la pili.

Ndotoni nilikuwa bwaloni. Foleni ndefu, sahani mkononi, na ile harufu ya maharage yaliyoshika chini ya sufuria, niliyoilaani miaka yote ya chuo na ambayo siku hizi naitamani. Aliyekuwa mbele yangu akageuka, na ni Gasto, na sweta lake la kijani lililotoboka kiwiko. Sikushangaa hata kidogo. Nikamuuliza kama nyama bado ipo. Akasema umebaki mchuzi tu, tukacheka, maana ndivyo ilivyokuwa sikuzote.

Kisha tuko hosteli, chumbani kwake. Mwaka wa kwanza mimi sikupata chumba, na Gasto ndiye aliyenibeba. Ndivyo tulivyosema wenyewe: kitanda ni chake, mimi nikajipenyeza. Tumejilaza mzungu wa nne, kichwa changu kiko miguuni pake, jua la mchana linaingia dirishani, na yeye ananichorea grafu hewani kwa kidole gumba cha mguu. Mstari unapanda, unakata kona, unashuka. Ananiuliza kama nimeelewa. Nasema ndiyo. Sijaelewa, na anajua, kwa hiyo anarudisha mguu chini na kuanza upya.

Nilitaka pale pasiishe. Nina mke, nina watoto, nina nyumba yenye vyumba, lakini sijui kama nimewahi kujinyoosha kwa raha kama kwenye kile kitanda chembamba ambacho ukijigeuza bila kuaga unamwangusha mwenzio. Nilimkumbuka Gasto huku nikiwa naye, na hilo liliniuma.

Nilipoinua kichwa hatukuwa tena chumbani. Gasto amekaa kwenye kimbweta chake, amejikunyata kama mgeni aliyekaribishwa kwenye makochi mapya. Wanafunzi wanapita, wanapita, kila anayefika pale anashusha sauti. Yeye anawapungia, anajisogeza kuwapa nafasi. Hawamwoni. Anawafuata kwa macho mpaka wanapokwenda kukaa kwingine, kisha anageukia wanaofuata na kujisogeza tena.

Akapitisha kiganja juu ya vigae. "Baridi," akasema.

Nikaanza kumweleza habari za fundi, na za kamati, na kwamba nia yetu ilikuwa njema. Hakunikatiza. Aliniangalia kwa ule uvumilivu wake wa kumsubiri mtu mgumu kuelewa, mpaka maneno yakaniishia.

"Kupumzika nimepumzika vya kutosha, kaka," akasema. "Hapa nilitaka kelele."

Nikamuuliza nimwambie nini mama. Akatazama njiani. Wanafunzi walikuwa wameondoka, hakuna anayepita tena, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza kitu cha mbali.

"Mwambie asiniwekee maua. Akae."

Nikanyoosha mkono nimshike sweta. Nikashika shuka.

Kulikuwa kumeshakucha. Mama nilimkuta sebuleni, ameshavaa kitenge chake cha safari, anafuta vumbi kwenye maua, ua moja moja. Nikamwamkia, akaitikia. Nikakaa mkekani karibu naye nikamweleza yote: vigae, bamba, wanafunzi wanaopita wakivua kofia, halafu ndoto na maneno ya Gasto kama alivyoyasema. Nilidhani atalia. Aliniuliza tu kama mwanawe alikuwa mzima. Nikamjibu alikuwa mzima, ila anataka watu.

Akalisogeza shada kando. Akauliza wageni wa chuo wanafika saa ngapi, nikamwambia bado sana, saa hizi kule watakuwepo wanafunzi peke yao. Akaanza kutafuta viatu vyake.

"Basi twende sasa hivi," akasema. "Nikae mimi kwanza. Wakimwona mama yake amekaa, wao wataogopa nini?"